Namna ya Kuchagua na Kufufua Baiskeli ya Zamani ya Mashindano Iliyoundwa kwa Mkono

Baiskeli ya zamani ya mashindano humvuta mtu kwanza kwa macho: mabomba membamba ya feleji, viungio vilivyopigwa tupa hadi vikatoa ncha nyembamba, kromu kwenye uma, na jina la fundi lililoandikwa kwenye bomba la mshazari. Anayetaka kuinunua, kuifufua na kuipanda hana budi kuutazama urembo huo kwa utulivu, kwa sababu thamani ya chombo hiki imo katika kazi ya mkono ambayo mnunuzi mwenyewe anaweza kuikagua kwa jicho, kwa kidole na kwa kipande cha uzi. Fremu ya kaboni huficha yaliyomo ndani yake, ilhali fremu ya feleji huonyesha karibu kila alichokifanya aliyeiunda, pamoja na kila ilichotendewa na wamiliki waliomfuata.

Mwongozo huu unahusu baiskeli za barabarani zilizoundwa Italia, Uingereza na Ufaransa tangu miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1980, kabla ya alumini na kaboni kuiondoa feleji katika mashindano makubwa. Umekusudiwa hasa kwa msomaji anayeishi Ulaya au mwenye ndugu huko, maana ndiko baiskeli hizi zinakopatikana kwa wingi, katika stoo za nyumba, masoko ya mitumba na minada.

Fahamu kwanza ilivyoundwa

Fundi wa fremu za aina hii hupokea mabomba manane ya feleji, viungio vya chuma vya kuvika penye maungio, pamoja na uma usiounganishwa. Hukata ncha za mabomba kwa pembe inayotakiwa, huziingiza ndani ya viungio, hupasha moto, kisha huyeyusha shaba ya njano au madini yenye fedha yapenye katika upenyo mdogo uliobaki kati ya bomba na kiungio. Shaba hiyo huhitaji joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, na madini ya fedha huyeyuka kati ya 600 na 750 hivi, na hapo ndipo ustadi unapopimwa: moto ukipungua madini hayaenei, ukizidi bomba jembamba hupoteza sehemu ya nguvu zake bila dalili yoyote kuonekana chini ya rangi.

Msomaji aliyekulia karibu na Raleigh au Phoenix za kubebea mkaa na madumu ya maji ameshaiona kanuni hii, kwa kuwa fremu zile nazo zina viungio vilivyounganishwa hivyo hivyo. Tofauti ipo katika bomba lenyewe na katika muda alioutumia fundi. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham alipata hataza ya namna ya kutengeneza bomba lenye ukuta mnene kwenye ncha na mwembamba katikati, ili unene ubaki mahali pa maungio peke yake. Mwaka 1935 kampuni hiyo ilitoa feleji ya manganizi na molibdeni iliyoitwa 531, ambayo ilitumika katika mashindano kwa miongo kadhaa. Kwa upande wa Italia, kampuni ya Columbus, iliyoanzishwa Milano na Angelo Luigi Colombo mwaka 1919, ilijulikana kwa feleji ya kromu na molibdeni, na seti yake maarufu ya SL ina ukuta wa milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati. Seti ya SP, yenye milimita 1.0 na 0.7, ilikusudiwa kwa fremu kubwa na wapandaji wazito. Mtu mrefu mwenye kilo 90 asidharau SP kwa sababu tu SL ni nyepesi zaidi.

Majina ya mafundi ni mengi, na yale makubwa yana bei yake. Faliero Masi alifanya kazi katika karakana iliyokuwa chini ya uwanja wa mbio za baiskeli wa Vigorelli mjini Milano. Cino Cinelli alishinda mbio za Milano–Sanremo mwaka 1943 kabla ya kugeukia utengenezaji. Ernesto Colnago alifungua karakana yake Cambiago mwaka 1954, na ndiye aliyeiunda baiskeli ya kilo 5.75 ambayo Eddy Merckx, bingwa wa Ubelgiji, aliipanda jijini Mexico tarehe 25 Oktoba 1972 alipokwenda kilomita 49.431 kwa saa moja. Ugo De Rosa naye alimwundia Merckx fremu katika miaka iliyofuata. Uingereza kulikuwa na Hetchins, wanaotambulika mara moja kwa mabomba ya nyuma yaliyopindwa kama herufi S, Mercian wa Derby tangu 1946, na karakana maalumu ya Raleigh iliyokuwa Ilkeston, ambayo ilihudumia timu aliyoendeshea Joop Zoetemelk aliposhinda Tour de France mwaka 1980. Nchini Ufaransa, Alex Singer alifungua duka lake Levallois-Perret mwaka 1938, ingawa sifa yake kubwa ni baiskeli za safari ndefu.

Hata hivyo, jina lililo kwenye rangi si ushahidi wa kutosha. Lilikuwa jambo la kawaida mpanda baiskeli mashuhuri kupanda fremu ya fundi mmoja iliyopakwa rangi na jina la kampuni nyingine iliyodhamini timu, na hata leo stika za Colnago au za 531 zinanunuliwa na yeyote mwenye kadi ya benki. Kwa maoni yangu, fremu iliyonyooka ya fundi asiyejulikana nje ya mkoa wake ni ununuzi bora kuliko fremu yenye jina kubwa iliyowahi kugonga ukuta.

Kagua fremu kabla ya kitu kingine chochote

Omba kuiona baiskeli mchana, nje, na uende na tochi ndogo, lenzi ya kukuzia, rula, uzi mrefu usiovutika na kitambaa. Muuzaji akikuonyesha kwanza vipuri vinavyong'aa, mshukuru na urudi kwenye fremu.

Anza nyuma tu ya bomba la usukani. Pitisha ncha ya kidole upande wa chini wa bomba la juu, kisha upande wa chini wa bomba la mshazari, mahali kiungio kinapoishia. Fremu iliyogonga kitu kwa mbele hujikunja hapo kwanza, na mkunjo huo unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni lakini kidole kinauhisi kama wimbi dogo. Rangi iliyopasuka kwa mistari myembamba inayozunguka bomba mahali hapo ni dalili ya jambo hilohilo. Ukihisi wimbi, acha ununuzi, au ulipe bei ya vipuri peke yake. Bomba hubadilishwa na fundi wa fremu, lakini gharama ya kazi hiyo pamoja na rangi mpya mara nyingi huzidi bei ya fremu nyingine iliyo nzima. Kibonyeo kidogo katikati ya bomba la juu, kilichotokana na usukani kugeuka na kugonga, hakina madhara makubwa, na binafsi nisingekilipia fundi kukijaza.

Uma utazame kutoka ubavuni. Mstari wa bomba la usukani ukiendelea chini unapaswa kufuatana na sehemu ya juu ya miguu ya uma kabla haijaanza kupinda mbele. Miguu ikionekana kurudi nyuma kuanzia kwenye taji, yaani pale miguu miwili inapokutana juu, uma umegongwa. Itazame pia kutoka mbele uone kama mguu mmoja umetangulia mwenzake.

Sasa chukua uzi. Ufunge kwenye sikio moja la gurudumu la nyuma, yaani ncha ya fremu inayoshika ekseli, uupeleke mbele uzunguke bomba la usukani, uurudishe kwenye sikio la pili na uukaze. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, au vikitofautiana kwa milimita moja hivi, sehemu ya nyuma imenyooka. Vikitofautiana zaidi, fremu imepinda au ilivutwa upande, na kabla ya kukata tamaa uliza ni bomba gani lililotumika: 531 na SL hukubali kunyooshwa bila moto na fundi anayejua kazi yake, bali 753 ya Reynolds, iliyotoka katika miaka ya 1970 na ambayo ilitiwa ugumu kwa joto kiwandani, haikubali. Reynolds hawakuwa wakiuza 753 kwa kila mtu. Fundi alilazimika kwanza kupeleka maungio ya majaribio yakapimwe, na kazi yote ilitakiwa ifanywe kwa madini ya fedha.

Baada ya hapo ndipo unapostahili kuitumia lenzi. Chagua kiungio cha kiti, mahali bomba la juu, bomba la kiti na yale mawili ya nyuma yanapokutana, kwa sababu ndicho kigumu kuliko vyote na ndicho fundi mvivu anachokiharakisha. Fuata ukingo wa kiungio polepole. Kazi nzuri ina ukingo usiokatika, wenye unene unaopungua kuelekea ncha, na mpaka kati ya kiungio na bomba ni mkali bila tundu hata moja. Kupunguzwa kwa ncha hizo kwa tupa kuna sababu ya kiufundi: badiliko la ghafla kutoka chuma kinene kwenda chembamba hukusanya mkazo sehemu moja, na ncha ndefu iliyokondeshwa huutawanya. Kazi mbovu huonyesha vitundu vidogo mahali madini hayakufika, matone ya shaba yaliyogandia nje, au mikwaruzo ya tupa iliyoingia ndani ya bomba lenyewe pembeni ya kiungio. Mikwaruzo hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa bomba la milimita 0.9 halina nyama ya kupoteza. Nimeona fremu za majina makubwa kutoka miaka yao ya uzalishaji mwingi zikiwa na maungio ya ovyo kuliko ya fundi mmoja aliyekuwa akiunda chache tu kwa mwaka.

Papo hapo, tazama yale masikio mawili ya nyuma ya kiungio cha kiti yanayobanwa na bolti. Yanapaswa kusimama sambamba. Yakiwa yameinamiana, mtu alitia nguzo ya kiti nyembamba kuliko inavyotakiwa kisha akakaza bolti kwa nguvu ili isishuke, na mara nyingi utakuta ufa mdogo umeanzia pale mpasuko wa kiungio unapoishia. Geuza baiskeli uangalie pia nyumba ya krenki, yaani bomba fupi la chini linaloshika ekseli ya krenki, hasa mahali bomba la kiti linapoingia, na masikio yanayoshika ekseli ya nyuma upande wa cheni.

Kuhusu kutu, ile ya juu haina uzito. Ya ndani ndiyo inayoua fremu. Ukiruhusiwa, toa nguzo ya kiti na umulike ndani kwa tochi. Vumbi jekundu ni la kawaida, lakini magamba yanayodondoka unapogonga bomba kwa kishikio cha bisibisi ni sababu ya kuondoka.

Thibitisha umri na bomba

Vithibitisho vya kuaminika ni vile visivyobandikwa. Ukitoa uma na kumulika ndani ya mpini wake, yaani bomba linaloingia ndani ya bomba la usukani, kutokea chini, kwenye mabomba ya Columbus SL na SP utaona mistari mitano iliyoinuka ikizunguka kwa ndani mahali pa taji, na hiyo haibandikwi na mtu. Kipimo cha nguzo ya kiti nacho husema mengi: milimita 27.2 hutarajiwa katika fremu ya SL au ya 531 yenye ukuta wa unene unaobadilika, na nguzo ya milimita 26 na kitu katika fremu inayojinadi kuwa ya daraja la juu huzusha maswali, isipokuwa katika fremu za Kifaransa zilizokuwa na vipimo vyake.

Vipuri vya Campagnolo, kampuni iliyoanzishwa na Tullio Campagnolo mjini Vicenza mwaka 1933, husaidia kukadiria mwaka. Kibadilisha gia cha nyuma cha Nuovo Record, kilichoingia sokoni mwaka 1967, na cha Super Record kilichofuata katika miaka ya 1970, kwa matoleo mengi vimepigwa chapa ya neno la hataza na tarakimu mbili za mwaka. Ikisomeka 74, kipuri hakikutengenezwa kabla ya mwaka huo. Kipuri, hata hivyo, hubadilishwa, kwa hiyo kisome pamoja na alama za nati za habu na namna waya za breki zilivyoshikizwa kwenye fremu. Vibano vya chuma vinavyozunguka bomba la juu huashiria fremu ya kabla ya miaka ya 1980 zaidi kuliko vishikizo vilivyounganishwa moja kwa moja.

Kuhusu ukubwa, kumbuka kwamba Waingereza wengi walipima bomba la kiti kutoka katikati ya krenki hadi juu kabisa, na Waitaliano wengi walipima kutoka katikati hadi katikati ya bomba la juu, hivyo fremu moja inaweza kutajwa kwa tarakimu zinazotofautiana kwa sentimita moja au zaidi. Muulize muuzaji ameanzia wapi na ameishia wapi, na umwombe pia urefu wa bomba la juu, kwa maana huo ndio unaoamua kama mgongo wako utavumilia.

Hesi zitakazokusumbua

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa nchi tatu zilikuwa na vipimo vitatu vya hesi, yaani mifereji ya skurubu. Nyumba ya krenki ya Kitaliano ina upana wa milimita 70 na kipenyo cha milimita 36, na vikombe vyote viwili vya gololi hukazwa kwa kuzungusha kulia. Ya Kiingereza ina upana wa milimita 68, na kikombe cha upande wa cheni hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Ya Kifaransa ina upana huo wa 68, lakini kipenyo ni milimita 35 na pande zote huzungushwa kulia. Ukijaribu kufungua kikombe cha Kiingereza kwa kukidhania cha Kitaliano utakuwa unakikaza kwa nguvu zako zote, na mara nyingi spana huteleza na kula kingo zake. Basi pima upana kwanza.

Shingo ya usukani ya Kifaransa ina milimita 22.0 na ya wengine 22.2, na tofauti hiyo ndogo yatosha kuizuia isiingie. Usukani wenyewe ndio wa hatari zaidi: Cinelli walitumia milimita 26.4 mahali pa kubania, wengine 26.0 au 25.4, na Wafaransa 25.0. Usukani mwembamba ndani ya shingo pana hukazwa kupita kiasi hadi shingo ipasuke, na upasukaji huo hutokea ukiwa umeegemea mbele kwa uzito wote. Nunua usukani na shingo vilivyokuwa pamoja, au upime kwa kalipa.

Nafasi kati ya masikio ya nyuma ilikuwa milimita 120 kwa gia tano na 126 kwa sita au saba. Gurudumu la kisasa la milimita 130 huingia kwa kupanua fremu, jambo linalowezekana kwa 531 na SL. Mimi ningeliacha; gurudumu la zamani likisukwa upya kwa spoki nzuri ni imara, na fremu inabaki kama ilivyotoka mikononi mwa fundi.

Kuifungua bila kuiharibu

Picha za kila upande zipigwe kabla ya bolti ya kwanza. Andaa mafuta ya kupenya kutu, spana za ukubwa kamili na jiliwa. Pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kulia, jambo ambalo mafundi wa mtaani wanalijua kuliko wanunuzi wengi. Krenki za alumini zisizo na kabari hutolewa kwa kifaa chake maalumu, na kifaa hicho kikazwe mpaka mwisho wa hesi zake kabla ya kusukuma, la sivyo kitang'oa hesi laini za krenki na kipuri cha thamani kitakuwa mapambo.

Friwili, yaani seti ya meno ya nyuma inayovutwa na cheni, lazima itoke kabla ya kugusa spoki. Kila aina ina kifaa chake, na zile za Regina zenye mifereji miwili tu huhitaji kifaa kibanwe kwa skurubu ya ekseli ili kisirukeruke. Ukizikata spoki kwanza ukidhani unarahisisha kazi, utabaki na habu isiyo na kitu cha kushikia, na friwili itakaa humo daima.

Kikwazo cha kawaida kuliko vyote ni nguzo ya kiti ya alumini iliyogandia ndani ya bomba la feleji. Metali hizi mbili zikikutana na maji ya chumvi ya jasho au ya barabara za majira ya baridi huzaa kutu nyeupe inayovimba na kufunga. Watu wengi hukimbilia moto, na hilo ni kosa mara mbili: moto huharibu rangi, na alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya feleji, kwa hiyo unazidi kuikaza. Mimina mafuta ya kupenya kutoka juu na, ukiweza, kutoka chini kupitia nyumba ya krenki, uache siku kadhaa huku ukirudia. Kisha toa kiti, ibane nguzo kwenye jiliwa, uizungushe kwa taratibu ukiitumia fremu yenyewe kama wenzo, bila kuivuta upande. Barafu ikizungushiwa sehemu ya nguzo iliyo nje huisaidia isinyae. Ikishindikana, nguzo hukatwa na kupasuliwa kwa ndani kwa msumeno, kazi ya subira inayofaa kuachiwa mtu aliyewahi kuifanya.

Rangi na vipuri

Rangi ya asili iliyochakaa ina thamani kuliko rangi mpya nzuri, na haiwezi kurudishwa ikishatolewa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ondoa uchafu mgumu kwa kitambaa na nta ya kung'arishia, gusa tu sehemu zilizofikia chuma, halafu uache. Fremu ikiwa imeshapakwa vibaya na mtu mwingine, au kutu imekula mahali pengi, kupaka upya kuna haki. Iondolewe rangi kwa kemikali, au kwa upigaji wa chembe laini na mtu anayejua baiskeli, kwani mchanga mkali unaotumiwa kwa mageti na chesisi hula bomba jembamba na kufuta ukali wa kingo za viungio. Ndani ya mabomba mwaga mafuta ya kitani yaliyochemshwa, geuza fremu kila upande yaenee, acha ziada itiririke na ikauke.

Kromu yenye madoadoa husafishwa kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji. Herufi zilizochongwa kwenye shingo, krenki na nguzo za Kitaliano, zilizojazwa rangi, zisiguswe na brashi ya waya.

Alumini ya zamani huchoka. Krenki za Campagnolo za miaka hiyo zina udhaifu unaojulikana: ufa huanzia katika kona kali ambapo mkono wa krenki unakutana na miguu inayoshika sahani ya meno. Safisha kona hiyo hadi iwe kavu kabisa, itazame kwa lenzi chini ya mwanga wa ubavuni, kisha tazama pia kuzunguka tundu la pedali. Ufa wa juujuu ulio mfupi hulainishwa kwa tupa ndogo na karatasi ya msasa hadi uishe. Uliozama, krenki inastaafu. Shingo na usukani navyo vipewe uchunguzi huo huo mahali pa kubania, na usukani wowote usiojua ulipopita ubadilishwe. Fremu ya feleji mara nyingi hutoa onyo kabla ya kuvunjika. Usukani wa alumini hautoi.

Kuiunganisha na kuipanda

Gololi zote zibadilishwe, kwa kuwa ni bei ya chai na ndizo zinazolinda vikombe na koni zisizopatikana kirahisi. Katika habu za nyuma za kawaida huingia gololi 9 za robo inchi kila upande, na katika krenki 11 kila upande. Jaza grisi, kaza mpaka mchezo wa ekseli uishe, kisha legeza kidogo hadi izunguke bila kukwaruza. Nguzo ya kiti, shingo na hesi zote zipakwe grisi, ili atakayezifungua baada yako asiteseke ulivyoteseka. Raba za breki za zamani zimekuwa ngumu na hazishiki. Ziwekwe mpya, pamoja na waya mpya na maganda yake. Kwa magurudumu ya tairi za kubandikwa kwa gundi, gundi ya zamani ing'olewe yote na mpya ipakwe kwa tabaka kwenye rimu na kwenye tairi, maana tairi iliyobandikwa nusu huchomoka kwenye kona.

Anayefikiria kushiriki L'Eroica, safari ya pamoja ya baiskeli za zamani iliyoanzishwa na Giancarlo Brocci huko Gaiole in Chianti mwaka 1997 kwa ajili ya barabara nyeupe za changarawe za Toscana, ajue mapema masharti yake: baiskeli iwe imetengenezwa kabla ya 1987, nyenzo za gia ziwe kwenye bomba la mshazari, pedali ziwe na vikapu vya kushikia miguu na mikanda, na waya za breki zipite nje juu ya usukani. Hata kwa asiye na mpango wa kwenda, masharti hayo ni kipimo kizuri cha vipuri vinavyopatana na fremu ya kipindi hiki. Kwa vilima vya namna ile, gia za mashindano za wakati huo, zenye sahani ya mbele ya meno 42 kwa ndani na friwili isiyozidi meno 24 au 26, zitamtoa jasho mtu asiye na mazoezi, na kubadili friwili pekee kuna unafuu mkubwa.

Nyenzo hizo za gia hazina vituo vya kubofya. Ondoa mkono mmoja kwenye usukani, punguza nguvu ya miguu bila kuacha kuzungusha pedali, sogeza wenzo kupita kidogo mahali unapopataka, kisha urudishe hadi cheni inyamaze. Badilisha gia kabla ya kilima kukukamata, kwa kuwa cheni yenye mzigo mzito haihami. Breki nazo zianze kushikwa mapema kuliko ulivyozoea, hasa mvua ikinyesha juu ya rimu zinazong'aa.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye njia fupi isiyo na magari, ukiwa na spana mfukoni. Alumini ya krenki hukaa vizuri juu ya ekseli baada tu ya kubebeshwa uzito, kwa hiyo kaza tena bolti za krenki mara urudipo, na tena baada ya safari chache zinazofuata. Angalia pia mchezo katika bomba la usukani kwa kubana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Kwa fremu ya Kitaliano, kikombe cha krenki cha upande wa cheni, ambacho mzunguko wenyewe wa pedali hukilegeza kwa sababu ya mwelekeo wa hesi zake, kikazwe kwa nguvu kamili tangu mwanzo na kikaguliwe kila unapopaka cheni mafuta.